Kitambaa cha Mafuta ya Taa

Mjomba Semkiwa aliniletea injini
imefungwa katika kanga ya marehemu mkewe,
akaiweka mezani kwangu, Barabara ya Nane,
katikati ya simu zilizopasuka vioo.
"Haiendi," alisema. Basi.
Kama mtu aliyeleta mtoto zahanati
na hataki kuulizwa ameanza lini.

Nilijua ameanza lini.
Huku Tanga chumvi haibishi hodi:
inaingia na upepo, inalala kwenye bawaba,
inakula msumari fundi hajalipwa.
Itaziachaje reli nyembamba kama njiti,
zilizopigiliwa juu ya mlango wa zamani
sebuleni kwake, Chuda?
Umeme ulipita humo humo relini,
kulia chanya, kushoto hasi,
na kila penye doa la kutu
treni ilishikwa kwikwi
ikafa palepale, kati ya Muheza na Korogwe.
(Muheza ni boksi la viberiti.
Korogwe ni kopo la kahawa, lina mlango.)

Zamani, kila magharibi,
alichovya kitambaa katika mafuta ya taa
akapiga magoti
(miaka thelathini na moja ya reli za kweli
ilimfundisha kupiga magoti)
akafuta, nami mtoto nikimshikia taa,
inchi kwa inchi mpaka Mombo.
Hapo ndipo alipozungumza.
Mezani alikuwa bubu, msibani bubu,
lakini kwenye harufu ile nilisikia yote:
behewa lililoanguka Mkumbara,
mke aliyemposa kupitia dirisha la daraja la tatu.

Siku hizi kutu imechimba mashimo,
kitambaa hakifiki chini.

Nikaifungua. Skrubu nne, moja imekufa meno.
Tumboni mlikuwa na kipande cha risasi
cha kuyagandamiza magurudumu.
Nikakitoa. Mahali pake nikalaza betri mbili
za kompyuta iliyomwagikiwa chai;
nikazipima: tatu nukta tisa, tatu nukta nane.
Hazijazeeka, zilionewa tu.
Nikang'oa vile vijiulimi vya shaba
vilivyoramba reli vikiomba umeme,
nikachomelea waya mwekundu, mweusi,
na kinasa mawimbi cha gari la mtoto wa jirani
(gari nililipata kwa soda mbili na maandazi).
Tundu la kuchajia nikalificha
kwenye behewa la makaa, chini ya makaa yenyewe:
punje za mkaa wa kweli, wa jikoni kwangu.

Usiku wa kuijaribu umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna, jenereta moja ikakohoa.
Treni haikujua.
Ilipita Muheza. Ililipita lile doa.
Taa yake, ukubwa wa punje ya mtama,
ikaimulika Korogwe mpaka ndani ya kopo.
Na kule Moshi, ukingoni mwa mlango,
nilikuwa nimeikunja reli kuwa kitanzi
alichokitaka tangu ujana wake.
Zamani haikuwezekana: chanya ingeshikana mkono na hasi,
fyuzi ingeungua. Sasa reli ni njia tu,
chuma kisichobeba deni la mtu.

Ikazunguka.
Miaka yote ilirudi kinyumenyume
kama mtu anayetoka chumba cha wakwe.
Safari hii ilirudi ikimtazama.
Hakucheka. Aliinama, akasema polepole,
"Kumbe ina sura."

Nilidhani nimempunguzia kazi.
Ijumaa iliyofuata nikampelekea chaja ya akiba.
Mlango uko wazi, sebule inanuka mafuta ya taa,
naye yuko magotini, amefika Mombo.
"Mjomba, hata zikiota kutu itaenda."
"Najua," alisema, bila kugeuka.
"Shika taa."